Mama Yangu Alikuwa Mmoja Kati ya Dada Watatu

Niliasiliwa nikiwa mchanga, na wazazi walionilea hawakunificha hata siku moja. Jalada langu lilikuwa na karatasi chache: tarehe ya kuzaliwa, uzito, sahihi ya ofisa ustawi wa jamii, na jina la mama lililofutwa kwa wino mweusi. Sehemu ya baba haikufutwa kwa sababu hapakuandikwa kitu. Kwa miaka mingi nililichukulia jalada hilo kama jambo lililopita. Lililonisukuma kumtafuta mama aliyenizaa ni fomu za hospitali. Kuna kisukari kwenye ukoo? Presha? Saratani? Nilizoea kuandika "sijui" kote, lakini mwanangu wa kwanza alipozaliwa nikaona sasa naandika "sijui" kwa ajili ya watu wawili.

Baba aliyenilea alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilikwenda kumwambia mama kabla sijaagiza kipimo cha DNA. Nilizunguka sana kwenye maneno mpaka akanikatisha. "Pima, mwanangu. Ila ukimpata, nijue mimi kwanza. Nisije nikasikia kwa watu." Wapo wanaopima kimyakimya wakiogopa kuwaumiza waliowalea. Siwalaumu, ila majibu ya aina hii yana tabia ya kuvuja, na yakivuja yenyewe yanaumiza zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalielewi wanapoanza ni kwamba kampuni inayokupima inakulinganisha na watu waliopima kwake tu. Mzazi wako asipopima, na ndugu zake wasipopima, hakuna maabara itakayokupa jina lake. Ndiyo maana swali la kwanza ni nani ana watu wengi zaidi. AncestryDNA inaongoza kwa mbali, ina zaidi ya watu milioni 20, na haipokei data iliyotoka kampuni nyingine. Kwa hiyo nilianza na hiyo, halafu nikapakua data ghafi yangu, yaani faili la DNA yangu, na kuipakia MyHeritage, FamilyTreeDNA na GEDmatch, ambazo nazo hulinganisha watu. Masharti ya kupokea data ya nje hubadilika mara kwa mara, hivyo hakikisha kwanza. Ujue pia kuwa kanzidata hizi zimejaa watu wa Marekani, Uingereza na nchi chache zinazofanana nazo. Mwenye asili ya sehemu ambako watu hawana mazoea ya kupima anaweza kukaa muda mrefu na orodha ya ndugu wa mbali tu, na hilo halina maana kwamba kipimo chake kimeharibika.

Kupima kwenyewe ni kutema mate kwenye kichupa, ukiwa hujala wala kunywa kwa nusu saa. Kisha unasubiri wiki kadhaa.

Majibu yalipokuja, macho yangu yalikimbilia ramani ya asili, asilimia ngapi za wapi. Watu wengi huishia hapo na kupiga picha ya kuwaonyesha rafiki zao. Kwa anayetafuta wazazi, ramani hiyo ina msaada mdogo. Ni makadirio yanayotokana na kukulinganisha na makundi ya watu ambao kampuni imewachagua kuwa kielelezo, na kampuni ikiongeza vielelezo, asilimia zako zinabadilika bila wewe kubadilika. Ndugu wa baba na mama mmoja wenyewe hupata asilimia tofauti.

Kazi iko kwenye orodha ya ndugu. Mbele ya kila jina kuna namba inayohesabiwa kwa sentimogani, kipimo cha kiasi cha DNA mnachochangia. Mzazi na mtoto huchangia kama 3,400 na kuzidi. Ndugu wa baba na mama mmoja huwa karibu 2,600. Ndugu wa mzazi mmoja huwa karibu 1,750, na hapo hapo wamo pia bibi na babu, shangazi, wajomba na wapwa. Binamu wa kwanza huwa kama 870, wa pili kama 230, wa tatu kama 70. Hizo ni wastani tu. Binamu wa pili anaweza kuwa na 60 au akafika 500, na binamu wa tatu mmoja katika kila kumi hivi haonekani kabisa kwenye orodha yako ingawa ni damu yako. Blaine Bettinger alikusanya takwimu za maelfu ya watu wanaojua undugu wao, na jedwali lake limewekwa kwenye tovuti ya DNA Painter, ambako unaandika namba yako na kuletewa kila aina ya undugu unaowezekana. Nililitumia mpaka nikalikariri.

Jina la juu kabisa kwangu lilikuwa na sentimogani 231. Kwa haraka huyo ni binamu wa pili, yaani babu au bibi yake na babu au bibi yangu ni mtu na ndugu yake. Lakini namba hiyo hiyo inabeba undugu mwingine, kwa mfano mjukuu wa binamu, au watu ambao ukoo wao unaungana kupitia babu aliyekuwa na wake wawili. Namba moja peke yake haisemi. Namba nyingi zikiwekwa pamoja ndizo zinazoanza kusema.

Njia niliyofuata ni ya Dana Leeds, aliyoieleza mwaka 2018, na uzuri wake ni kwamba haihitaji ujue jina la mtu yeyote wa ukoo wako. Unachukua walio kati ya sentimogani 400 na 90. Unampa wa kwanza rangi, kisha unaangalia ni nani kwenye orodha yako anayelingana naye pia, na wote hao unawapa rangi hiyo hiyo. Anayefuata asiye na rangi anapewa rangi mpya, unaendelea. Mambo yakienda vizuri zinatoka rangi nne, moja kwa kila babu na bibi. Mimi nilipata tatu zilizojaa na ya nne yenye watu wawili. Waliotoka katika jamii ambako watu wameoana wao kwa wao kwa vizazi vingi watakuta rangi zimeingiliana mpaka hazisomeki, na sentimogani zao huwa zimevimba. Kwao njia hii haitoshi.

Sasa nijuaje rangi ipi ni ya mama na ipi ya baba? Hapa kuwa mwanamume kulinisaidia. Mwanamume hupata kromosomu X moja tu, naye huipata kwa mama. Kwa hiyo mtu yeyote anayechangia nami kipande cha maana cha X ni ndugu wa upande wa mama. Vipande vidogo vya X nilivipuuza, hudanganya. AncestryDNA haionyeshi kromosomu, lakini FamilyTreeDNA na GEDmatch zinaonyesha, na baadhi ya ndugu zangu walikuwa wamepakia data zao huko. Rangi mbili zikajitokeza kuwa za mama.

Kilichofuata hakikuwa na sayansi yoyote, ni kukaa na karatasi usiku na mchana. Unachukua watu wa rangi moja, unajenga mti wa kila mmoja kwenda juu, mpaka uone mke na mume ambao wote wanatokana nao. Kisha unageuka na kushuka: watoto wao wote, wajukuu wote, vitukuu. Unafanya hivyo kwa rangi ya pili. Unachotafuta ni ndoa moja ambamo mzao wa wale wa kwanza amemwoa mzao wa wale wa pili. Matangazo ya tanzia yalinisaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu familia huorodhesha waliobaki kwa majina: ameacha mjane, watoto fulani na fulani, wajukuu. Tangazo moja la bibi aliyefariki akiwa na miaka tisini lilinipa kizazi kizima kwa mistari sita. Kuwa macho na kitu kimoja: jina unaloliona kwenye orodha si lazima liwe la aliyepima. Mara nyingi mtoto au mjukuu ndiye anayesimamia akaunti ya mzee, na ukijenga mti wa msimamizi badala ya mti wa aliyetema mate, utakuwa umepotea kwa kizazi kizima au viwili.

Ndoa niliipata. Walikuwa na watoto wanne, wa kiume mmoja na wa kike watatu. Wa kiume nikamweka kando kwa sababu ya X. Wakabaki dada watatu, na mmoja wao alikuwa amenizaa.

Mbele ya dada watatu DNA ya mbali haina msaada tena, kwa sababu wote watatu wana wazazi wale wale. Lazima apatikane mtu wa karibu akubali kupima. Dada mkubwa alikuwa ameshafariki, akiwa ameacha binti. Kabla ya kumwandikia nilikaa na rasimu muda mrefu, na hii ndiyo niliyotuma mwishowe:

"Habari za leo. Nimepima DNA na matokeo yanaonyesha nina undugu na ukoo wa bibi na babu yako mzaa mama. Niliasiliwa nikiwa mchanga na ninajaribu kuelewa nilikotoka. Sihitaji fedha wala sina nia ya kumwaibisha mtu. Ukipenda kuzungumza nitafurahi, na usipopenda nitaelewa, sitakusumbua tena."

Sikutaja mama yake wala nilichokuwa nakidhania. Mtu anayepokea ujumbe kama huo hakuomba kuupokea. Wewe umejiandaa kwa miaka, yeye anausoma akiwa foleni ya benki. Ukimwaga kila kitu siku ya kwanza, atafunga mlango na kuwaonya wengine. Nimeona pia kinachotokea mwingine akimwaga kwa niaba yako. Binamu mmoja wa mbali, mtu mwema sana, alifurahi mno akauliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao ni nani aliyewahi kutoa mtoto. Watu wawili waliokuwa wakinijibu vizuri wakanyamaza, na mmoja akajiondoa kabisa kwenye orodha. Ndiyo maana nasema ukiona ndugu wa karibu ametokea, nakili namba zake na majina ya mnaolingana nao siku hiyo hiyo. Kesho anaweza asiwepo.

Yule binti alijibu, tena kwa upole. Akakubali kupima, kisanduku cha kipimo nikamlipia mimi. Matokeo: sentimogani 874. Mama yake angekuwa amenizaa mimi, tungekuwa ndugu wa mama mmoja na namba ingekuwa karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mama yake ni mama mkubwa wangu. (Kama dada wawili kati ya hao wangekuwa mapacha wa kufanana, hesabu hii ingevurugika, kwa kuwa mapacha hao wana DNA ile ile. Uliza mapema.)

Wakabaki wawili. Na hapa ndipo masimulizi ya ukoo yalipoingia. Yule binti aliwahi kusikia kwamba mwaka niliozaliwa, dada wa kati aliondoka nyumbani miezi kadhaa kwenda kukaa kwa jamaa wa mbali, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Kila kitu kilikaa sawa: umri, mwaka, safari. Kichwani mwangu nilishampa umama. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, naangalia masikio yake.

Tulipopelekeana ujumbe, aliomba tuzungumze kwa sauti. Alikuwa mtu mzima, anaongea taratibu. Akauliza, "Ukipima na mimi, kitasema?"

Nikamjibu, "Kitasema, mama. Bila wasiwasi wowote."

"Basi niletee. Niliapa kwamba sitasema neno. Sikuapa kwamba sitatema mate."

Kati yangu na yeye zilitoka sentimogani 1,768. Mzazi angekuwa na karibu mara mbili. Alikuwa ameondoka nyumbani mwaka ule kumsindikiza mdogo wake, aliyekuwa bado msichana wa shule, akae naye mpaka ajifungue. Watu wa nyumbani walikumbuka safari ya huyu wa kati, ya mdogo wakaisahau au wakaamua kuisahau. Tangu hapo simulizi ya ukoo naipokea kama mahali pa kuanzia kutafuta, na sijengi juu yake mpaka namba zikubali.

Mama aliyenizaa yu hai. Mume wake hajui, na watoto wake hawajui. Alituma kupitia dada yake majibu ya maswali yote ya afya niliyoandika, kwa mwandiko wake, na akaomba nisimpigie simu. Sikulala vizuri kwa muda. Nilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kuwa hivyo, na kujua hakukunisaidia. Nilimwambia mama aliyenilea siku ile ile, kama tulivyoahidiana. Akauliza kama msichana yule alitunzwa vizuri alipojifungua. Nikamwambia dada yake alikuwa naye. "Afadhali," akasema, na kwa muda tukazungumza mambo mengine.

Mti wangu wa ukoo mtandaoni nimeufunga, hauonekani kwa mtu yeyote, na jina langu kwenye orodha nimelifupisha kuwa herufi. Wengine huniambia nina haki ya kujulikana. Ninayo haki ya kujua nilikotoka, na hiyo nimeipata. Kumtangaza mtu mbele ya mume wake ni jambo lingine.

Niseme kidogo kuhusu usiri wa data, kwa kuwa watu huuliza baada ya kupima badala ya kabla. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyesakwa kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980 baada ya kupitia ndugu zake wa mbali kwenye GEDmatch, na mwaka uliofuata tovuti hiyo ikaweka utaratibu wa kumtaka mtumiaji mwenyewe aruhusu data yake itumike na polisi. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni nyingine ya vipimo hivi, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mimi bado ningepima. Lakini ningesoma kila mpangilio wa akaunti, ningetumia nywila isiyofanana na nyingine yoyote, na ningejua namna ya kufuta data siku nikitaka. Nchi nazo zina sheria zake. Ufaransa, kwa mfano, hairuhusu mtu kujiagizia kipimo cha aina hii.

Gharama? Kisanduku chenyewe ndicho kidogo, na kampuni hupunguza bei nyakati za sikukuu. Kinachokula fedha ni ada za kufungua kumbukumbu za zamani, nakala za vyeti, na visanduku unavyowanunulia ndugu. Weka akiba kwa ajili ya hivyo vya mwisho, maana kisanduku kimoja kwa mtu sahihi kinaweza kumaliza kazi ambayo umehangaika nayo mwaka mzima.

Upande wa baba ulijileta wenyewe. Nilikuwa nimekwama na ile rangi yenye watu wawili, ndipo siku moja juu kabisa ya orodha ya MyHeritage akatokea mwanamke mwenye sentimogani 1,812. Alipima kwa kujifurahisha, kuona asilimia. Aliponiona alidhani maabara imechanganya vichupa. Alinizidi miaka minne, hivyo hakuwa bibi yangu, ingawa angeweza kuwa shangazi. Hakulingana na ndugu yeyote wa upande wa mama, na kwenye X hatukuwa na kitu. Baba mdogo wake alipopima, namba kati yangu na yeye ikawa ya baba mdogo na si ya baba, mambo yakaisha. Baba alikuwa ameshafariki, na hakuna anayejua kama aliwahi kusikia habari zangu. Dada yangu alilia kwanza kwa ajili ya mama yake, na nikaona ni haki yake. Ndiye aliyeniambia kwamba baba alipoteza uwezo wa kuona kwa presha ya macho, ugonjwa unaofuata ukoo. Nilikwenda kupimwa wiki ile ile. Macho yangu bado mazima, ila sasa napimwa kila mwaka.

Kaka mmoja wa upande huo aliuliza swali moja tu: anataka nini? Aliogopa mirathi. Nilimwandikia kwamba sidai kitu, na kwamba kipimo cha kujiagizia nyumbani kwa kawaida hakikubaliki mahakamani, kwa sababu hakuna shahidi wa nani alitema mate. Anayetaka ushahidi wa kisheria lazima apime upya mbele ya mtu aliyeidhinishwa, kwa vitambulisho. Hakunijibu. Simwandikii tena, na dada hamshurutishi.

Siku hizi mimi na dada tunamtafuta mtu mwingine kabisa. Babu yetu mzaa baba naye alizaliwa bila baba kwenye cheti. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kubadilika sana, kwa hiyo tungeweza kutumia yangu, lakini ningehitaji kipimo cha kawaida cha baba mdogo pia, maana yeye yuko kizazi kimoja karibu zaidi na DNA yake ya babu haijapunguzwa kama yetu. Baba mdogo amekubali vyote viwili. Ana miaka themanini na kitu na anatuharakisha yeye.